Siku Mbili Mjini na Bosi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Natumaini goti limekupoa, na ile pikipiki ya kazini wameshakutengenezea, maana bwana mifugo wa kutembea kwa miguu atawafikia ng'ombe wameshazeeka. Mke wangu ni mzima wa afya. Amekaa hapa mlangoni, viatu mguuni, anasubiri nimalize ili akuletee barua hii mkononi. Amenikataza kukupigia simu. Anasema kwenye simu mimi ni mwongo, na kwenye karatasi angalau ataweza kusoma kabla haijatoka nje. Maneno hayo kayasema mke wangu, kaka.

Nakuomba usome mpaka mwisho hata ukipandwa na hasira katikati. Kuna mama mmoja anafanya usafi hotelini huko mjini, na uhai wake umo humu. Mimi najizungusha kwa aibu tu.

Unakumbuka niliwatengenezea chumba cha baridi kwenye ile hoteli, kilichowashinda mafundi watatu. Mwenye hoteli alifurahi, akaniambia siku nitakayotaka nimpeleke mke wangu tukapumzike, Ijumaa hadi Jumapili, wageni wake. Miaka kumi na minne ya ndoa, kaka, na safari zetu zote zilikuwa za misiba na hospitali. Mke wangu alishona gauni. Alianza kufunga begi Jumanne!

Tatizo lilikuwa Bosi, mbwa wetu. Mwalimu mstaafu, jirani yetu anayetutunzia mbwa kila tukisafiri, safari hii alikataa katakata. Alisema sauti ya mbwa imebadilika, anabweka kama mtu aliyekwamwa na mfupa, na kwamba siku mbili hizo anamtazama kama hajawahi kumwona. Nikamcheka. Nilimwambia mbwa naye ana siku zake za kununa kama binadamu. Nikapiga simu hotelini, wakasema mbwa aje, ilimradi ana kadi ya chanjo. Nikawaambia kadi ipo.

Tulisafiri kwa pikapu ya fundi mwenzangu, Bosi nyuma kwenye turubai. Njia nzima hakutoa pua nje kunusa upepo kama kawaida yake. Alijikunja kwenye kona akitafuna turubai, na tulipofika nilikuta amelitoboa tundu la kupitisha kichwa. Dada wa mapokezi aliitazama kadi mkononi mwangu, akaona muhuri na sahihi yako, akatabasamu. Tukapanda lifti. Humo ndani kuna kioo kikubwa, na Bosi alipojiona alikirukia kwa meno. Si kubweka, kaka. Alikirukia kimyakimya. Kioo kikabaki na mate marefu, na mke wangu, ambaye yeye na mbwa tangu zamani hawaivi chungu kimoja, akajibana kwenye pembe na gauni lake jipya akiniuliza nimemleta mnyama gani.

Jioni ile tulimtembeza barabarani, kwenye maduka yenye vioo na taa. Watu wa mjini wanapenda mbwa, walikuwa wakimwita, wakimpigia mluzi. Nikawa nawaambia wasimguse, amechoka na safari. Alikuwa anatembea kama mlevi, miguu ya nyuma haifuati ya mbele. Nilimwekea maji bafuni, hakuyagusa. Nilimwekea nyama, akaishika mdomoni, ikaanguka. Usiku mzima alikuwa chini ya kitanda, na mke wangu alilala miguu ameikunja kifuani.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye chai chini. Nilikuwa nimesahau kutundika kile kibao cha kuzuia watu kuingia. Yule mama wa usafi akaingia kubadilisha mashuka. Ni mama wa makamo, mcheshi, Ijumaa alishatutania kwamba tumekuja fungate na mtoto tayari tunaye, tena ana mkia. Alipoinama kuchomekea shuka akamwona Bosi chini, akamwita kwa upole. Bosi akamng'ata hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada, akang'ang'ania. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kiti, mkono umefungwa taulo, na taulo limelowa.

Hakunigombeza. Kosa lilikuwa langu, lakini yeye ndiye aliyeomba radhi kwa kuingia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mbwa amechanjwa, kwa sababu kama hajachanjwa ataomba ruhusa aende hospitali sasa hivi. Nikatoa kadi mfukoni, nikamwonyesha. Akaishika kwa mkono ule mzima, akasoma tarehe, akashusha pumzi. Alisema Mungu ambariki huyo daktari wa mifugo. Akaosha jeraha kwa maji na sabuni, nikamfunga kitambaa, akamalizia kutandika kitanda chetu.

Sasa kaka, sikiliza. Kadi ile haikuwa ya Bosi. Ilikuwa ya mama yake, yule jike aliyetufia mwaka huu mwanzoni. Rangi moja, kahawia, kifua cheupe, na tarehe ilikuwa haijapitiliza mwaka. Pale palipoandikwa jike nilipafunika kwa kidole gumba. Mapokezi nilipafunika, na kwa yule mama nilipafunika pia kabla sijampa, nikaikunja kadi hapohapo. Siku ile uliponiita nimlete Bosi mlipokuwa mnachanja mbwa wa mtaa mzima, nilikuwa na friji ya mteja imefunguliwa, nikakuambia nitakuja jioni. Jioni sikuja. Ulipouliza nikakuambia nimemchanja kwingine.

Bosi alikufa Alhamisi iliyofuata. Miguu ililegea, taya likaanguka, akawa hawezi hata kufunga mdomo. Nilikuambia amegongwa na gari. Nilimzika nyuma ya karakana mwenyewe, na nilijua. Usiniulize nilijuaje, kila mtu aliyewahi kuona anajua.

Na hapa ndipo penye uchafu wangu wote. Ijumaa yake nilikwenda hospitali. Bosi alikuwa amenilamba mikono, na mikono ya fundi haikosi mikwaruzo. Nimechomwa sindano zote, sikuruka hata moja. Nesi aliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeng'atwa, nikamwambia hakuna. Nikatoka pale nikanunua maji baridi, nikanywa.

Wiki tano zimepita. Mke wangu juzi alifua suruali yangu ya kazi, akaikuta kadi ya sindano mfukoni. Alikaa nayo kitandani mpaka nilipoingia. Hakupiga kelele. Siku hizi ana methali moja tu, ile ya mficha maradhi, na hata haimalizii. Jana alinipa simu, akaniambia nimpigie yule mama, akatoka nje ili nisione haya.

Mapokezi ya hoteli wakanipa namba yake, nikampigia. Alinitambua mara moja, akacheka, akasema mgeni wa mbwa! Kidonda kimepona, limebaki kovu dogo. Anakula, analala, yuko kazini. Nesi aliniambia kwamba maadamu ugonjwa haujaanza, sindano bado inaweza kumwokoa, ila ukishaanza hakuna daktari wa kuurudisha. Kwa hiyo bado kuna nafasi, kaka, na ilikuwa mdomoni mwangu. Halafu yule mama akaniuliza Bosi anaendeleaje.

Nikamwambia hajambo, anakusalimu.

Mke wangu alikuwa nyuma ya dirisha, amesikia.

Leo napanda basi la saa nne kwenda kumtafuta, lakini simwamini huyu anayepanda basi. Nikifika huko naweza kununua soda, tukacheka, nikarudi. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na namba ya mapokezi chini yake. Mpigie wewe. Mwambie wewe ndiye uliyesaini kadi ile, kadi si ya mbwa aliyemng'ata, mbwa amekufa kwa kichaa, avue aproni aende hospitali sasa hivi. Atakusikiliza, alikuombea baraka. Nakuharibia jina kazini, najua, na nitakwenda mwenyewe kwa mkubwa wako kueleza.

Nisalimie shemeji, na watoto wasiambiwe kwanza. Mwambie shemeji ampe mke wangu maji ya kunywa, ametoka bila kula.

Piga simu kabla hujanitukana. Matusi nitayafuata mwenyewe nikirudi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi