Huzuni Iliyokaa Kooni

Mtaa wa Fedha, Nairobi

Mpendwa Mutheu,

Hujambo huko ugenini? Mama yako ni mzima, anakusalimu. Umeniuliza navumilia vipi upweke tangu babu yako atutoke.

Miaka ya tisini, nilipompoteza kifungua mimba wangu, nilikuwa nikishona mashati kiwandani, nikitembea kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru. Siku moja machozi yalilowesha shati mikononi mwangu. Msimamizi wetu, Kusuma, Mbudha kutoka Sri Lanka, akaja. Nikajua atanifokea. Akazima cherehani yangu, akaketi kando yangu.

"Naifukuza huzuni, haitoki," nikamwambia.

"Usifukuze, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Vuta pumzi polepole. Huzuni iko wapi mwilini?"

"Kooni."

"Basi kaa nayo hapo. Usiipige, usiikimbie."

Tukapumua pamoja mpaka koo likalegea kidogo. Mimi Mkristo, nilishangaa kufunzwa hivyo na Mbudha. Huzuni haikuisha, lakini kwa mara ya kwanza sikuiogopa. Kusuma alirudi kwao, hatukuonana tena.

Leo asubuhi nilijisahau, nikamimina chai vikombe viwili, changu na cha babu yako. Nikasimama, nikapumua, nikalia. Kisha nikaketi, nikanywa vyote viwili.

Nyanya yako akupendaye