Wattie Geddes, Fundi Mapipa, na Soksi Namba Nne

Mwaka umetimia, Wattie, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotuacha, na mimi bado natenga vikombe viwili vya chai. Mwanao Struan ananiambia, "Mama, kimoja kinapoa bure." Namwambia na kipoe.

Tunaikumbuka mikono yako. Miaka arobaini na mmoja ya kuunda mapipa ya wiski ilikuachia vidole vinene visivyokunjika vizuri, lakini hakuna aliyejua kumbeba mtoto mchanga kama wewe. Kila kitu cha mbao kilichovunjika mtaani kililetwa kwako. Mjane wa kule chini alikuletea mlango wa banda la kuku, ukautengeneza, ukamrudishia pamoja na mayai aliyokuletea kwa shukrani.

Tunaukumbuka na ubishi wako, tusidanganyane. Ulibishana hadi na redio ikitangaza mvua, na mvua ilipokunyeshea ulisema hiyo si mvua, ni umande.

Na Jumamosi zako za mwisho wa mwezi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa klabu yenu ya kuonja wiski! Chupa sita mezani, kila moja imevishwa soksi ya sufu niliyoifuma mwenyewe, yenye namba, ili mtu ahukumu wiski kwa pua na ulimi, asihukumu lebo. Jagi la maji, biskuti za oti, na watu wazima wamenyamaza wananusa. Mgeni akibugia, ulikuwa unamwambia, "Taratibu, bwana, hiyo si dawa ya kikohozi. Ingoje ikuambie imelala kwenye pipa gani." Na sheria yenu ilikuwa moja: ukiitambua wiski kwa hakika, usiseme, utawaharibia wenzako. Andika kwenye kadi, pamoja na pointi unazoipa kati ya kumi, ikunje, itumbukize ndani ya soksi. Mwishoni Ishbel, katibu wenu, anazivua soksi, anazikung'uta, na kadi zinasomwa.

Sheria hiyo uliivunja mara moja tu, na ilikugharimu ndugu yako.

Sitaki kulificha jambo hili. Mji mzima unajua kwamba wewe na mdogo wako Dod, anayekaa ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na mlango wetu, hamkusemezana miaka tisa. Siku ile kulikuwa na wageni kutoka mji wa Elgin, na wewe ukiwa mwenyekiti ulitaka kuwaonyesha. Ulifumba macho ukasema kwa sauti, "Hii imelala miaka kumi na minane kwenye pipa lililotoka Uhispania na mvinyo wake. Na pipa lenyewe, nadhani nililiunda mimi." Dod akaivua soksi. Ilikuwa ile wiski ya bei rahisi ya dukani, ninayotilia keki ya Krismasi. Yeye ndiye aliyeiweka.

"Kaka," akasema, "basi hata keki ya Effie ina miaka kumi na minane!"

Watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Ulichukua kofia yako ukatoka, na tangu hapo ukimwona Dod anafungua mlango wake, unarudi ndani na kujifanya umesahau miwani. Yeye naye aliacha kuja klabu. Nilikusema, nikachoka. Nilimsema naye, nikachoka zaidi.

Jumamosi yako ya mwisho ulikuwa umekonda, koti linakupwaya, lakini ulikataa kubaki nyumbani. Ulipofika namba nne ulikaa nayo muda mrefu. Nilikuona unaandika. Kisha kikohozi kikakushika, kikao kikavunjika, mimi na Struan tukakukokota hadi kwenye gari. Nyuma yetu Ishbel alizivua soksi harakaharaka, akazitia kwenye mfuko bila kuzikung'uta na kuzifungia kwenye kabati la klabu.

Baada ya hapo zilibaki siku kumi. Kila hodi ilipopigwa uliinua kichwa kwenye mto. "Nani huyo?"

"Mleta barua."

"Aha." Ukageukia ukutani.

Kesho yake tena: "Nani huyo mlangoni, Effie?" Nilidhani unamngoja mchungaji, nikamwita mchungaji. Ulimtazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Kwa nini hukuniambia, mume wangu? Tumeishi pamoja miaka hamsini na miwili. Neno moja tu lingetosha.

Ulinipa karatasi ya majina ya watu wanane watakaoshika kamba za kukushusha kaburini. Namba moja Struan. Namba mbili, nafasi ya ndugu, uliiacha tupu.

"Na hapa?" nikauliza.

"Paache hivyo hivyo."

Sikujua maana yake ni nini. Siku ya mazishi nilimpa Dod kamba hiyo. Aliishika, wakakushusha, akaenda zake. Na mwaka mzima nimelala na kuamka na swali moja: je, nilikutendea haki, au nilikusaliti mbele ya watu siku ambayo hukuweza kunikatalia?

Klabu nayo ilitumia mifuko ya karatasi mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuniomba ruhusa ya kuzitumia zile soksi. Wiki tatu zilizopita nikaona basi, yatosha, nikaenda kuzichukua nizifue. Soksi namba nne nilipoigeuza, kadi ikadondoka. Mwandiko wako, ule wa kuegemea upande.

"Ya Dod. Ile ile ya dukani. Safari hii nimeijua. Pointi kumi. Mwambieni aje mwenyewe."

Nilivuka barabara na aproni yangu, sikubisha hodi. Dod alikuwa anamenya viazi. Niliiweka kadi mbele yake. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Ishbel aliniwekea chupa ile," akasema. "Nilimwambia, akiitambua atacheka, na akicheka nitakuja. Nikangoja, shemeji. Siku zote kumi nilikaa dirishani."

"Na yeye alikuwa anauliza nani yuko mlangoni."

"Aliuliza?"

"Kila hodi, Dod! Kila hodi!"

Nilimfokea, Wattie, sikuficha. Nilimwambia barabara ile ina hatua kumi na mbili, nimezihesabu sasa hivi, na nyinyi wawili mmeshindwa kuzitembea kwa miaka tisa. Nilimwambia watoto wa Geddes wana vichwa vya mwaloni. Aliinamisha kichwa na kukubali yote. Kisha akauliza polepole, "Ile kamba. Uliponipa, nilidhani umenihurumia tu."

"Nilidhani hivyo hivyo."

"Kumbe ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako. Nafasi hiyo aliiacha tupu akikungoja."

Hapo mzee wa miaka sabini na minne alilia, na mimi nikakaa chini nikalia naye, viazi vikiwa kati yetu. Nilikulilia wewe, nikayalilia na yale maneno yako yaliyolala kabatini mwaka mzima huku mimi nikiogopa mfuko wa soksi. Nisamehe kwa hilo. Ningezifua mapema, angalau yeye angejua mwaka huu wote kwamba ulikuwa unamngoja.

Jumapili iliyopita tulikuja kaburini wote. Upepo ulikuwa mkali na mjukuu wako Lorne alilalamika njia nzima, kama wewe. Dod alikuwa wa kwanza kupita geti la makaburi. Alisimama hapo kwako muda mrefu, kofia mkononi, tukamwacha.

Tunaokukumbuka ni mimi Effie, mkeo, Struan na mkewe Jean, binti yako Mairi, aliyetoka mbali kuja, Lorne, wenzako wote wa klabu, na Dod, mdogo wako. Nilimuuliza angependa nikuandikie nini kwa niaba yake, akafikiri siku mbili, akaniletea neno moja nilichapishe hapa jinsi lilivyo: Nimekuja.

Hutatutoka moyoni, Wattie, maadamu tunapumua.