Wanne na Nusu

Kolo, 3 Juni 2024

Mke wangu mdogo Stumai,

Hujambo huko Chang'ombe? Umenenepa, au kompyuta inakulia chakula chako? Babu yako ni mzima, meno tu ndiyo yanahama. Barua nampa kondakta wa basi; simu siitaki, inanisikiliza.

Castory wa mradi wa maji alipita na kishikwambi kuuliza tuko wangapi, apange ndoo za kila nyumba. Nikamwambia, "Wanne na nusu." Mimi, baba yako mdogo Zablon, mkewe Tereza, na binti yao Flaviana. Nusu ni bibi yako Klara. Unajua mambo ya nyumba yetu: matanga yasipovunjwa, marehemu anawekewa nusu sahani jikoni. Castory akacheka, akaandika 4.5.

Sasa pale kisimani wamebandika: nyumba yangu, 4. Na ufagio wa Klara, niliokuwa nausikia uani kila alfajiri, umenyamaza. Programu ya hesabu hiyo uliiandika wewe. Nirudishie nusu yangu.

Mumeo mzee,
Babu Augustino

Chang'ombe, 10 Juni

Babu, shikamoo.

Habari za mgongo? Nimenenepa, usinichokoze.

Watu hawahesabiwi kwa desimali, kwa hiyo programu inakadiria kuwa namba nzima. Lugha ya kompyuta niliyotumia ina tabia yake: nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. 4.5 inakuwa 4, 5.5 inakuwa 6, ili makosa yasiegemee upande mmoja. Nimeibadilisha ifuate ya darasani, nusu inapanda. Sasa mko watano. Ndoo ya ziada mpe mke mwenzangu, asinionee wivu.

Mjukuu wako,
Stumai

Kolo, 19 Juni

Mchumba, salamu tele. Unalala vizuri?

Umeweza! Klara amekuja, mzima mzima. Tereza alimkuta kwenye foleni kisimani, akamwamkia, akamtwisha ndoo. Alipofika nyumbani ndipo akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyemwosha siku ya mazishi. Amejifungia chumbani na mtoto. Klara anamaliza sahani nzima na kulalamikia chumvi, kama zamani.

Ila upande wangu wa kushoto umekuwa baridi. Jua likichomoza, kivuli changu kina mguu mmoja. Zablon anasema ni uzee. Uzee gani huo, unachagua upande? Wewe uliyesoma niambie: ile nusu mliyoongeza, mliitoa wapi?

Babu yako

Chang'ombe, 27 Juni

Babu, shikamoo. Upande huo unaendeleaje?

Nimesoma barua yako nikashindwa kula. Haitoki popote, Babu. Tunaiongeza tu, na hakuna anayeuliza.

Tafadhali, ba'mdogo avunje matanga. Ijumaa ya tarehe 5 Julai nami naandika 4, bila desimali, ili wewe upone. Kama una neno, nijibu kabla.

Stumai wako

Kolo, 3 Julai

Stumai wangu, hujambo? Mimi sijambo upande mmoja.

Usiguse hiyo namba. Karatasi ananishikia Klara, maana mkono wangu wa kushoto mchana hauonekani vizuri. Huyu hakusoma, lakini siku hizi ananiuliza herufi, na anashika haraka.

Unadhani ukiandika 4 atakayeondoka ni yeye. Mashine inajua majina? Inajua wanne. Mmoja atatoka, nayo haitauliza ni nani. Niache hivihivi, mjukuu wangu. Nusu yangu na uzima wake, kitanda kinatutosha.

Mumeo aliyepungua,
Babu

Chang'ombe, 6 Julai

Babu, shikamoo.

Barua yako imefika leo, basi liliharibika njiani. 4 niliiandika jana.

Nimempigia ba'mdogo. Anasema matanga yamevunjwa, watu wamekula, wametawanyika. Nikamuuliza mko wangapi nyumbani. "Wanne," akasema, "kama siku zote." Nikamuuliza huyo wa nne ni nani. Akacheka kama vile nimemtania, simu ikakatika. Sasa haipatikani.

Nijibu, tafadhali. Andika neno lolote, nione mwandiko.

Mjukuu wako,
Stumai