Masikio ya Dada Yametoka Vizuri

Jumatatu, 3 Machi

Kama si mimi, nusu ya wakubwa wa nchi hii wasingekuwa na sura. Nasema kweli. Mtu anapata cheo leo, kesho yuko kwangu, shingo imebanwa na tai mpya, jasho linamtoka. Na mimi ndiye ninayemwambia: inua kidevu, shusha bega, haya, sasa umekuwa mheshimiwa. Kuna mmoja alipiga chafya nikiwa nimeshabonyeza. Picha ikatoka anatabasamu! Ndiyo iliyompa kura. Hajarudi kunishukuru mpaka leo.

Na shule niliacha darasa la saba. Walimu walikuwa wananichelewesha.

Sasa leo nimetukanwa mchana kweupe. Iko hivi. Dada yangu mkubwa anastaafu. Muuguzi mkuu wa hospitali nzima, mwanamke anayenyamazisha madaktari kwa kukohoa tu. Wanataka picha yake itundikwe kwenye korido ya wodi ya wazazi, kubwa kama mlango. Kama mlango! Ofisi walikuwa na mpiga picha wao. Dada akawaambia hapana, mdogo wangu yupo. Niliposikia nilivimba mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

Nikaenda kwa fundi wa kuchapisha kuulizia karatasi ya ukubwa huo. Akaniuliza natumia kamera gani. Ile ile, nikamwambia. Akacheka kwa pua. Eti mkongwe, ile ukiikuza hivyo utapata vumbi tupu, utaona nukta nukta, mtu hutamwona. Eti nitafute kamera mpya yenye mapikseli ya kutosha.

Kwanza, nani kamuuliza? Pili, kwa nini kanielekeza duka moja tu, na muuzaji wake akamsifia kama shemeji yake? Hapo pana kitu.

Kamera yangu iliwahi kutumbukia kwenye tangi la maji asubuhi, ikatolewa jioni, ikafutwa kwa shati, ikapiga. Watu nawaambia ilikaa siku tatu. Lakini hata hiyo ya kutwa moja — hizo mpya zitaweza?

Na taa za siku hizi wanazitengeneza dhaifu makusudi ili tununue nyingine. Hapa naandika kwa kubahatisha mistari.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika dukani. Muuza kamera amepaka nywele rangi na anaongea kama redio. Kaniita bosi, mkuu, mzee na mkurugenzi ndani ya salamu moja. Mtu anayekugawia vyeo kabla hujaketi ana lake jambo.

Akanipa kamera mkononi. Nyepesi! Nikamuuliza, vyuma vyake mmevipeleka wapi? Akacheka. Sikuwa natania. Kamera yangu ukimrushia mwizi analala chini. Hii ukimrushia atasema asante.

Bei wameiandika kwenye kikaratasi kwa maandishi ya sisimizi. Makusudi kabisa! Nikakisogeza mbali, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia, nikakigeuzia mwanga — nikaambulia masifuri. Nikamwambia, nisomee wewe kwa sauti, nione kama una haya. Akasoma. Haya hana.

Halafu makucha yakatoka. Eti nimletee na ile ya zamani, aipunguze kwenye bei. Ya nini, si ni vumbi tupu? Eti kuna watu wananunua vipuri. Vipuri! Anajua vizuri ile kamera imepita wapi na imeona nini. Siku nikishamwachia, kesho yake iko kwenye kabati la vioo na taa juu yake.

Tumeafikiana. Nimeichukua mpya kuijaribu, nimemwachia flashi yangu kubwa na stendi kama dhamana. Jumatatu ijayo niseme moja: naichukua na kuacha ya zamani, au nairudisha. Nimetoka huku nageuka nyuma. Alikuwa bado anatabasamu.

Mama watoto kauliza, umenunua? Nikamjibu, naichunguza. Haya mpelelezi, kasema, ukimaliza chunguza na bomba la jikoni, linavuja.

Jumatano, 5 Machi

Kitabu cha maelekezo: lugha kibao, zote kwa maandishi ya chawa. Nimekitupa uvunguni.

Ina otomatiki. Yaani kamera inajichagulia yenyewe nani aonekane wazi na nani awe ukungu! Nimeizima. Kazi hiyo ni yangu. Mkono wangu na pete ya lenzi tunaelewana tangu zamani.

Kitu kingine. Pembeni mwa kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Pale dukani walikiacha vibaya, ukichungulia unaona moshi. Nimekigeuza mpaka moshi ukapungua. Walidhani sitagundua.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempiga Dada. Ofisini kwake, mbele ya kabati la mafaili, pazia nimelifungua nusu ili mwanga umguse shavu. Nguo nyeupe imenyooka kama karatasi. Saa yake ya kubandika kifuani ameing'arisha. Kakaa kama anamsubiri mtu aliyechelewa kazini.

— Fanya upesi, nina wagonjwa.
— Dada, sanaa haiharakishwi.
— Sanaa gani? Mimi nimekufuta makamasi.

Wauguzi mlangoni wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Nikawasimulia ya mheshimiwa na chafya. Leo nilimwongezea na walinzi. Walipenda sana.

Nimezungusha pete taratibu mpaka akawa wazi, nimemshika, nimebonyeza. Nimemshika tena, nimebonyeza tena. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera: malkia! Nikawaonyesha wote harakaharaka.

Wakati natoka Dada kanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Kaniambia kwa sauti ya chini, ile ambayo wagonjwa hawaijui: mtu wao nimemkataa kwa ajili yako. Waliniuliza mara mbili kama nina hakika. Usiniaibishe.

Mimi? Nimuaibishe? Nimecheka mpaka kwenye geti.

Ijumaa, 7 Machi

Haya. Haya! Sasa nimeelewa mchezo wote.

Tumekutana kwa fundi wa kuchapisha, mimi na Dada. Picha ikafunguliwa kwenye kompyuta yake, skrini pana kama dirisha. Kwa mbali, safi. Fundi akaanza kuivuta. Anavuta, anavuta. Mashavu ya Dada yakajaa skrini. Halafu jicho.

Jicho lilikuwa limelala. Yaani laini, kama limepakwa mafuta. Akasogea kwenye jicho la pili — vilevile. Saa ya kifuani, vilevile. Kisha akasogea pembeni, na hapo ndipo — sikio! Sikio limetoka wazi, kali kama wembe. Kila mkunjo. Hereni inang'aa, na ndani ya hereni unauona mwanga wa dirisha. Fundi akasema polepole, kama anatoa pole msibani: mkongwe, umeshika sikio.

Akafungua nyingine. Sikio. Nyingine. Sikio, na nywele za kisogoni moja moja.

Dada akavua mkoba begani, akauweka mezani. Akauliza, yaani nimeamka alfajiri miaka yote hiyo ili nitundikwe masikio?

Nikasema kamera ni mbovu. Nikasema wazi, mbele ya fundi, nikimtazama usoni: kuna watu wamepanga. Wananipa kamera mbovu, naharibu kazi, ofisi inamleta mtu wao. Fundi akaniuliza, mimi na nani tumepanga? Nikamwambia unamjua. Akasema hamjui. Hiyo ndiyo dalili yenyewe!

Dada hakugomba. Angegomba ningefurahi. Kasema tu: Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu. Mara ya mwisho, bwana mdogo. Ikiwa hivi tena, itabidi nimwache mtu wao apige, na mimi nitajua la kuwaambia.

Jumamosi, 8 Machi

Mpwa wangu kaja na kompyuta yake. Binti wa Dada, anafanya kazi benki, ana kauli za kibenki. Nani kamtuma? Kasema hakuna, kapita tu kusalimia. Hakuna anayepita na kompyuta.

— Mjomba, weka otomatiki basi, yaishe.
— Otomatiki ni ya wanaopiga picha za keki.
— Nipe nikupige wewe.

Nikampa, nione atafika wapi. Akachungulia, akarudi nyuma, akafikicha jicho. Kasema, mjomba, nani kakigeuza hiki kigurudumu, mbona ni ukungu mtupu? Nikamwambia ni muuzaji, ndivyo walivyo. Akakigeuza mwenyewe, akazungusha pete, akabonyeza hata kabla sijakaa sawa.

Kwenye kompyuta akaivuta. Macho. Macho yangu yote mawili, wazi kabisa, yamekunjamana pembeni kwa kuyafinya, kope moja moja. Kamera ile ile! Nilijitazama kwa muda. Nimezeeka kuliko ninavyojisimulia.

Nikasema, sawa, bahati. Sasa fungua kazi zangu za kamera ya zamani, kadi hii hapa, ujifunze. Akafungua harusi ya mwaka jana. Akamvuta bibi harusi. Inavurugika, kweli, vinukta vinaanza — lakini kabla ya kuvurugika kabisa unaona: sikio. Akafungua mahafali. Mstari mzima wa wahitimu, masikio. Akafungua ya mkurugenzi wa maji. Yule ana masikio makubwa, kidogo nicheke.

Mpwa wangu akaifunga kompyuta polepole.  Halafu kasema, lakini mjomba, kwenye picha ndogo wala hilo halionekani.

Nikamwambia aende, mama yake atakuwa anamtafuta.

Jumapili, 9 Machi

Nimeziweka kamera zote mbili mezani tangu asubuhi. Mama watoto kauliza kama nasubiri zitage.

Nafikiri hivi. Ile ya zamani haijawahi kunisema. Miaka yote. Ilikuwa inaona, inanyamaza, inalainisha kila kitu kidogo ili kosa langu lisitokeze. Ilikuwa inanisitiri. Hii mpya ni mbea. Haijamaliza hata wiki nyumbani, imeshapita kwa fundi, kwa Dada, kwa mpwa, inatangaza. Na muuzaji anataka nimwachie ile inayojua kunyamaza, niishi na hii. Mtu mwenye akili zake atakubali?

Lakini ile haiwezi mlango. Hilo nimelikubali. Dada hawezi kuning'inia pale akiwa vumbi. Basi kesho ni hii, nitake nisitake. Na otomatiki — sawa, labda. Labda nitaiweka halafu niuache mkono kwenye pete, wauguzi wasijue.

Baada ya chakula cha mchana nikachungulia ile mpya kupitia dirishani, nimtafute jirani. Moshi. Mpwa wangu alikigeuza. Nikakirudisha kigurudumu, nikazidisha, nikazidisha. Kikagoma. Kimefika mwisho, na moshi bado upo kidogo.

Nikaichukua ya zamani kulinganisha, niwe na ushahidi wa kumpelekea muuzaji. Nayo ina kigurudumu kama hicho. Nikajaribu kukigeuza. Kimegoma. Kimefika mwisho ule ule, upande ule ule.

Na ile haijawahi kufika dukani kwake. Haishikwi na mtu humu ndani. Naifungia mwenyewe.

Nimeiweka chini.

Kuhusu fundi wa kuchapisha, bado namwangalia. Kucheka kwa pua sijamsamehe. Lakini inawezekana hamjui muuzaji.

Halafu nikapita kwenye kikapu cha kushonea cha mama watoto. Nilikuwa napita tu. Ipo miwani humo, ya kusomea, kainunua sokoni bila hata kupimwa. Nikaichukua kuitazama. Watu wanavaa vitu vya ajabu. Nikaja nayo huku mezani, nikafunga mlango, nikawasha kamera mpya, nikamwangalia Dada kwenye kile kioo kidogo cha nyuma — kile nilichowaonyesha wauguzi nikasema malkia.

Macho yake yamelala hata pale. Tangu Alhamisi yalikuwa pale.

Nikakitoa na kitabu cha maelekezo uvunguni. Yale hayakuwa maandishi ya chawa. Ni maandishi tu. Ukurasa wa mbele wameandika jinsi ya kuwasha otomatiki, na mchoro wameweka. Na kile kigurudumu, wanasema, ni cha kulinganisha na macho ya anayechungulia. Na daftari hili! Mistari yangu ya wiki nzima inapandana kama mbuzi kwenye lori.

Kuna daktari wa macho pale pale hospitalini, chini ya ofisi ya Dada. Lakini ukiingia kwake lazima upite mbele ya wauguzi wote, wale wale niliowasimulia ya chafya. Dada angejua kabla sijakaa kwenye kiti. Kesho asubuhi niko naye chumba kimoja. Nikimwambia kabla ya kupiga? Au nipige kwanza, nimwambie baadaye? Au nisimwambie, niende mji mwingine —

Mama watoto anapita ukumbini, anafungua droo, anafunga. Anaita: baba watoto, umeniwekea wapi miwani yangu, nataka kutia uzi kwenye sindano.

Nimemjibu, mimi sijaiona.

Anakuja huku. Miwani ninayo usoni. Ya waridi, ina vipepeo pembeni. Na kila herufi ninayoandika hapa naiona.