Majarida ya Kumchokoza Polixeni

Volos, Jumatatu

Kwako shemeji Fotini,

Pokea salamu za shemeji yako mkorofi, ambaye meno yamemkimbia lakini ulimi bado upo. Huko Melbourne baridi ya mwezi wa saba inawatendaje? Na magoti yako? Mimi mzima, nasukuma siku. Dada yako Polixeni ndiye wa kuzungumzwa.

Najua umesikia kwamba kila Jumapili nafukua soko la mitumba nikitafuta majarida ya zamani ya kina mama, yale ya miaka ya mabishano: mwanamke alipwe sawa, baba aache kutoa shamba ili binti apate mume, mke abaki na jina lake. Watu wananicheka: Stamatis aliyeishia darasa la tatu leo mtetezi wa wanawake! Hawajui kwamba mimi natafuta barua za wanaume wapumbavu waliowajibu.

Maana Polixeni, kama ujuavyo, kumbukumbu zimemtoka. Mimi ananiita fundi bomba. Lakini siku moja nilimsomea, silabi kwa silabi, bwana mmoja wa mji wa Larisa aliyeandika kwamba mke akipata mshahara supu inaungua. Akafumbua macho: "Mwambie huyo punda apike mwenyewe!" Nikambishia, tukagombana mpaka kahawa ikapoa. Shemeji, huyo alikuwa Polixeni mzima! Tangu hapo, kila nikimpata mpumbavu mpya, namleta nyumbani.

Unakumbuka jina la Stamatena? Kijijini kwetu mke huitwa kwa jina la mumewe, na dada yako tangu harusi yetu hakuliitikia hata mara moja. Marehemu mama alikuwa akiita mezani, "Stamatena, nipe mkate," na mkate hausogei.

Sasa hili sijamwambia mtu. Alhamisi nilimsomea yule mbaya kuliko wote, asemaye mke hana haja ya jina lake mwenyewe. Nikangoja tusi. Akasema kwa upole, "Kweli, baba, umenena vizuri." Nikaogopa. Nikachomoa uchokozi wangu wa mwisho, nikaita: Stamatena! Akainuka, akajipangusa mikono kwenye aproni, akaitika:

"Abee."

Tangu siku hiyo namwita Polixeni, Polixeni, kutwa nzima. Hageuki.

Njoo, shemeji. Dawa usilete. Njoo umwite wewe, labda sauti yako ataijua.

Nisalimie wajukuu, na huyo mumeo mnunaji.

Ni mimi,
Stamatis wa Polixeni