Jiwe la Uani na Mtihani wa Binti Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi kuandika najua barua tu, basi daftari hili nalianza kama barua. Mama mkwe, shikamoo, na sikio lako limepoa? Baba watoto, hujambo na mgongo? Usijifanye kijana ukabeba madumu. Mke wa mwanangu mkubwa, hujambo na tumbo la miezi saba, kaa chini. Wajukuu zangu mapacha, hamjambo, msimsumbue bibi mkubwa. Wifi yangu uliyebaki na nguo za watu, hujambo, na mashuka meupe usiyaloweke na ya rangi. Mimi mzima. Hakuna atakayesoma haya. Ila nimeshawasalimu, roho imetulia.

Safari yenyewe ni mtihani wa binti yangu, kitinda mimba. Anasomea kuongoza wageni kwenye majengo ya kale. Siku tano, basi dogo, watu kumi, na kila mwanafunzi anajitafutia watu wake. Alipata tisa. Wa kumi ni mimi. Mkaguzi kakaa kiti cha mbele na karatasi zake. Binti akifaulu, anapewa kitambulisho, anaanza kazi. Akifeli, mtihani mwingine ni baada ya miaka miwili, na hiyo miaka miwili atakuwa kwenye karai la kufulia na mimi.

Kanuni ni moja kubwa: mgeni anauliza, hajibu. Mgeni akijitia kufundisha, mwongozaji anakatwa alama. Kaniambia mara tatu. "Mama, mdomo." Nimemwambia nimeusikia.

Jumanne, 5 Agosti

Ukuta wa mji wa kale. Sijawahi kuona kazi kama ile. Mawe matupu, hakuna udongo wala saruji katikati, na umesimama zaidi ya miaka mia tano. Nimejaribu kupitisha ukucha kati ya jiwe na jiwe — hauingii. Nyumbani kwetu fundi kajenga choo mwaka juzi, kimeshainama.

Binti yangu anaongea vizuri jamani. Hakohoi, hababaiki. Huyu ndiye niliyekuwa namsukuma dukani aombe chumvi kwa sauti! Kuna mwalimu mstaafu mwenye kofia, anapenda kutega watu. Kamwuliza ukuta mzima una mawe mangapi. Binti kajibu: "Mwalimu, anza kuhesabu, nitakusahihishia." Basi watu wakacheka mpaka dereva. Mkaguzi kacheka nusu mdomo. Nusu nayo inatosha.

Hakula mchana. Nimemtilia ndizi mfukoni.

Jumatano, 6 Agosti

Kisima cha ngazi. Ngazi sitini na mbili kushuka, magoti yangu yanazijua zote. Ukingo wa jiwe umechimbika mistari ya kamba, mingine kidole kizima kinazama. Nimeshika mstari mmoja nikasimama. Hao waliovuta maji hapa wamekufa zamani, na kazi yao bado ipo, unaishika. Mtu wa kawaida tu, na ndoo yake.

Sikusema neno siku nzima. Binti kanikonyeza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeharibu.

Jumba la tajiri wa zamani. Vyumba kumi na vinane, kuta zimejaa vishubaka vya taa, kila kimoja kimechongwa nakshi yake. Nilikuwa natembea mdomo wazi kama mtoto. Tukatokea uani. Kuna jiwe pana, refu kama kitanda, limeinama kidogo upande mmoja. Binti akaeleza kwamba hapo mwenye nyumba alikuwa akipanga nyara za vita, wageni wake wazione.

Mimi nikalishika. Sikuwa na nia yoyote. Ukingo umelika, laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha, na umelika pale pale panaponifika tumboni nikiinama. Pembeni kuna kishimo cha kuwekea majivu ya kufulia. Chini mfereji, unaingia ukutani. Miaka thelathini na moja nafulia watu nguo. Nikamwambia jirani yangu wa kiti kwenye basi, mshona viatu, kwa sauti niliyodhani ndogo: "Nyara gani? Hapa watu walikuwa wanafua."

Sauti yangu hii ya kuita watoto toka mtaa wa pili. Ua mzima ukasikia.

"Mama kasema nini?" mwalimu akauliza.

"Anasema ni pa kufulia," mshona viatu akajibu.

"Ana ushahidi?"

"Mwangalie mikono, Mwalimu."

Wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Kaandika, kaandika. Halafu akamgeukia binti yangu: "Mwongozaji, wewe unasemaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Binti akaliangalia jiwe, akaniangalia mimi. Akapiga magoti, akatia kidole kwenye mfereji, akaufuata mpaka ukutani. Akasema: kitabu kinasema nyara, lakini nyara hazihitaji mfereji. "Nadhani mgeni wangu kasema kweli."

Mgeni wangu. Ndivyo alivyoniita.

Tulipopanda basi dereva akaninong'oneza. "Mama, hicho kitabu wanachosomea, unajua kaandika nani?" Akaelekeza kidevu kiti cha mbele, kwa mkaguzi.

Nimemwomba binti msamaha. Kasema, "Pumzika, Mama." Sijui ni pumzika ya hasira au ya kuchoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Matokeo yalikuwa yatolewe baada ya chai. Tumefunga mizigo. Mkaguzi akaja akasema basi lirudi kwanza kwenye lile jumba. Tulipofika kamwomba mlinzi ndoo mbili za maji. Nikajitolea kuzibeba. "Hapana, mama. Nyote subirini nje. Mwongozaji peke yake." Mlango ukafungwa.

Nimezunguka nyuma ya ukuta wa ua, nimekaa kivulini. Naandika huku nasikiliza. Nasikia sauti ya mkaguzi, fupi. Halafu ya binti, ndefu, haitetemeki. Ndoo imegonga jiwe. Maji yamemwagwa.

Mwalimu kanifuata, kofia mkononi. "Mama, una hakika na ule mfereji?"

Nimemwambia nina hakika na mfereji, sina hakika na mtu.

Hapa chini ya ukuta kuna tundu, nilidhani la panya. Vumbi lake limegeuka tope. Sisimizi wanakimbia nje. Tone. Lingine. Sasa mkondo mwembamba, mchafu, unakuja mpaka kwenye kandambili zangu. Mwalimu kachuchumaa, anautia kidole.

Ndani hakuna anayecheka, hakuna anayegomba. Binti yangu, maji nimeyaona, mfereji ni wa kufulia kweli. Wewe nipe neno moja tu, umefaulu au umefeli, hata liwe baya. Mtume mlinzi, au gonga ukuta. Upesi, mwanangu.