Kinamasi cha Mama na Ruzuku ya Mkurugenzi

Kitaluni kwangu,
Nyuma ya shule ya msingi,
Jumapili, tarehe 16 Februari.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini kwako. Wifi yangu je, mafua yamekwisha? Na wanao, bado wanarefuka kama wanalipwa kwa sentimita? Hapa sote tu wazima. Mgongo wangu unanikumbusha umri kila nikiinamia viriba vya miche, lakini nikinyooka unanyamaza, nami naendelea.

Kitalu kinakwenda vizuri. Nina miche elfu kumi na moja na mia nne, mingi matete na mianzi, na wafanyakazi wawili wa kudumu ambao wanagombana tangu asubuhi mpaka jioni na kazi inafanyika. Paa la banda la nyuma nimelibadilisha.

Basi, salamu zimetosha. Ujumbe wako nimeupata, ule wa kuniomba nimsamehe Mkurugenzi, tukae kama ndugu, tugawane. Niliusoma nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Sikukujibu kwa simu kwa sababu kwa simu ningekukosea adabu, na wewe ni mkubwa wangu. Kwenye karatasi mtu hupoa kidogo. Nimesema kidogo.

Najua alikupigia yeye kwanza. Huyu mtoto wa mama mkubwa tangu utotoni anakupiga yeye, halafu analia yeye, halafu anakimbilia kushtaki yeye. Leo sikiliza na aliyepigwa.

Mafuriko yaliyobomoa jiko la mama unayakumbuka, ingawa ulikuwa umeshaondoka. Alipofariki akatuachia lile eneo la bondeni, mimi na wewe nusu kwa nusu, na watu wakatucheka: urithi wa vyura. Manispaa wakasema dawa ya kile kijito ni ukuta wa zege. Ukuta huo mpaka leo umejengwa midomoni mwao tu.

Mimi wakati ule nilikuwa nauza magunia matupu sokoni. Niliona jambo moja. Palipokuwa na matete mazito, maji yalipita yakitembea. Palipokatwa matete, yalipita yakikimbia. Nikaanza kupanda. Miaka sita nimepanda, kwa hela ya magunia, kisha kwa hela ya miche. Kabla sijaanza, mvua kubwa iliingia nyumba hamsini na nane kati ya sitini na mbili za mtaa wa chini. Mvua kubwa ya mwaka juzi iliingia tisa. Nilipita mlango kwa mlango nikahesabu mwenyewe.

Ndipo nikasikia redioni kwamba kuna wafadhili wanatoa ruzuku kwa miradi ya kujikinga na mabadiliko ya tabianchi kwa kutumia mazingira yenyewe, yaani vinamasi, mimea na udongo, badala ya zege. Nikasema, jamani, mbona hawa wananisema mimi? Nilitaka nipande kingo zote za kijito kutoka kinamasi chetu mpaka darajani, mita mia tisa, ili hata zile nyumba tisa zikauke. Lakini sharti lao, mwombaji awe shirika lililosajiliwa. Mimi nina kitalu, sina shirika.

Ndugu yetu ana shirika. Mkurugenzi ni yeye, katibu ni yeye, na mhazini ni mkewe, ambaye hajui kama ni mhazini.

Akawa anakuja Jumamosi, anakaa mezani kwangu na kompyuta yake. Nilimpa kila kitu: vipimo, picha za kabla na baada, maji yanaingilia wapi na yanapumzikia wapi, mche gani unastahimili kuzama na upi unaoza. Aliandika, alikula, aliondoka na mabaki. Siku moja akaja uso umemshuka. "Dada, bahati mbaya. Tumechelewa, maombi yameshafungwa." Kaka, nilimbembeleza. Nilimwambia asijilaumu. Katika yote aliyonifanyia, hilo la kumbembeleza ndilo linalonikereketa mpaka sasa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nashuka bondeni nakuta vijana wawili wa upimaji wanapigilia vigingi katikati ya matete yangu. Nikawauliza wametumwa na nani.

"Na Mkurugenzi, mama. Mradi umevuka hatua ya kwanza, wafadhili wanakuja kukagua."

"Na mimi mnanijua ni nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Wewe si mmoja wa wanufaika? Tuliambiwa yupo mama mmoja mwenye maisha magumu, anatunza hapa kwa kujitolea."

Mnufaika! Mimi! Mwenye kulipa mishahara ya watu wawili, mwenye kumkopesha huyohuyo Mkurugenzi mafuta ya pikipiki!

Nikaenda ofisini kwake, kile chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye kiti cha kuzunguka na hakuna cha kuzungukia. Hakukana. Alizunguka kidogo, akaniambia, "Dada, elewa. Wafadhili wana lugha yao. Lazima awepo mtu wa kuhurumiwa. Wewe ndiye sura ya mradi."

"Sura ina mdomo," nikamwambia.

"Basi usikasirike, posho ya semina hutakosa."

Nikatoka bila kubamiza mlango. Na hapo ndipo alipokosea hesabu. Unakumbuka sheria ya nyumba yetu: mgeni akiwepo, ugomvi unafungiwa jikoni. Mama angeweza kuwa amegombana na baba wiki nzima, lakini mgeni akibisha hodi utadhani ni maharusi. Mkurugenzi amelelewa na sheria hiyohiyo. Aliitegemea. Wafadhili walitaka waone mchango wa jamii, na yeye alikuwa ameandika miche yangu yote kuwa ndiyo mchango huo. Hakuniomba, kwa sababu alijua siku ya wageni nitatabasamu na kumimina chai.

Nami nilitabasamu. Chai nilimimina. Sheria ya mama sikuivunja hata chembe. Ila jioni ya kuamkia siku hiyo, mimi na wafanyakazi wangu tulichomeka kibao cha bei kwenye kila tuta.

Wageni walikuwa wawili, bwana mmoja mwenye miwani na mama mmoja aliyevaa mabuti yenye tope kavu, nikampenda hapohapo. Mkurugenzi amevaa koti, anaongoza msafara, mkono umenyooka kama anaonyesha nchi aliyoigundua. "Na hapa ndipo miche ya mradi wetu, mchango wa jamii."

Nikasogea na tabasamu langu. "Karibuni sana wateja. Mnachukua ya rejareja au ya jumla?"

Akacheka kwa nguvu. "Huyu dada yangu ana utani!"

"Mianzi bei iko pale. Ukichukua zaidi ya mia tano napunguza. Usafiri juu yako."

Yule mama wa mabuti akainama akasoma kibao, akasoma cha pili. "Samahani mama, hii siyo miche iliyochangwa?"

"Iliyochangwa? Hapana, mimi sijachanga, nauza. Mkurugenzi akilipa leo, leo anabeba. Ni ndugu yangu, nitamwekea bei ya ndugu."

Bwana wa miwani akaacha kuandika. Kaka, laiti ungeuona uso wa Mkurugenzi! Ulibadilika rangi mara tatu chai haijapoa. Na asingeweza kusema neno, maana wageni walikuwepo. Sheria aliyokuja nayo kunifunga mimi ndiyo iliyomfunga yeye.

Unaniambia kisasi humla anayekibeba. Labda. Mimi tangu siku hiyo nalala mpaka mfanyakazi anagonga dirisha.

Lakini sitakuficha kilichofuata. Kesho yake fundi cherehani wa mtaa wa chini alikuja hapa. Nyumba yake ni mojawapo ya zile tisa. Mwaka juzi maji yalimwozeshea vitambaa vya wateja. Hakukaa. "Umeshinda mama, hongera," akaniambia. "Sasa sisi tutaogelea kwa ushindi wako?" Mradi ulikuwa umesimama kweli, na mvua hazisimami.

Bahati, mama wa mabuti alirudi peke yake. Alizunguka kinamasi asubuhi nzima, akauliza maswali, nikayajibu. Mwisho akasema maombi ya shirika la Mkurugenzi wameyaweka kando, ila wako tayari kupokea maombi mapya ya eneo hilihili, kutoka kwa watu wanaofanya kazi yenyewe, kabla mwezi wa tatu haujaisha. Basi tumesajili kikundi. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni fundi cherehani, mhazini ni mwenye mashine ya kusaga, na kwa taarifa yako anajua kuwa ni mhazini. Andiko tumeandika wenyewe. Lugha ya kuhurumiwa hatukuitia hata tone. Tumeandika nyumba hamsini na nane, tumeandika nyumba tisa, basi.

Limebaki jambo moja, na jambo hilo uko nalo wewe. Wafadhili wanataka idhini ya maandishi ya wenye ardhi, na wenye ardhi ni mimi na wewe. Bila sahihi yako, nusu ya kinamasi haimo, na kinamasi nusu hakizuii maji. Ni sawa na lango la mabawa mawili lililobaki na bawa moja. Mkurugenzi analijua hilo. Ndiyo maana anakupigia. Anataka idhini yako iende kwake ili nami nilazimike kumrudia. Na wewe kwa huruma zako unataka umpe yeye robo, mimi robo, amani ipatikane.

Hapana. Simpi robo, simpi kigingi kimoja. Akitaka kazi, kuna kazi ya kumwagilia, inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na msimamizi wake atakuwa mmoja wa wale wafanyakazi wangu wagomvi. Hiyo ndiyo bei ya ndugu.

Nakiri nimewaza mabaya zaidi. Nyumba aliyoachiwa na mama mkubwa ndiyo ya mwisho kabisa kule chini karibu na daraja, unaijua. Nikifyeka matete upande wangu, maji yatafika sebuleni kwake, kwenye yale makochi aliyoyanunua kwa matumaini ya ruzuku. Nimesimama bondeni na panga mkononi nikilifikiria hilo, na lilikuwa tamu. Lakini kati yangu na sebule yake ziko nyumba sitini na moja, na maji hayabishi hodi kuuliza nani ni nani.

Kwa hiyo nimechagua kingine. Tia sahihi, kaka. Karatasi nimeiambatanisha, sehemu yako nimeiwekea alama ya penseli. Irudishe kwa njia ya haraka, ada nitakurudishia. Ukimpa yeye sahihi hiyo, nitabaki kuwa mdogo wako kwa damu, lakini usinitumie tena salamu za Idi wala za Krismasi. Ukinipa mimi, nitapanda mpaka darajani, na tuta la mwisho kabisa, lile nene kuliko yote, nitalipanda mbele ya lango lake kwa mkono wangu. Nataka mvua ipige bati usiku kucha, yeye alale pakavu, na ajue ni mimi niliyemlaza.

Msalimie sana wifi, mwambie kile kitambaa alichoniletea nimeshakishona. Wabusu wanao, mkubwa kwa mdogo. Shangazi wa huko ukimwona mwambie namwombea macho yake. Mama mdogo hapa anakusalimu, na anasema ukonde kidogo. Mungu akufunike mchana na usiku, akutengenezee goti, akupe kalamu isiyokauka wiki hii.

Wako akupendaye, hata leo,

Mdogo wako,
Mwombaji Mkuu.